Vakansi Tatu za Kushika Kamba

Kazi yangu ilianza siku ya Jumanne, saa kumi na mbili na robo asubuhi, mama alipoingia chumbani akaniambia kaka Rama yuko nje, anatafuta mtu asiyesema sana. Mama hakuwa na haja ya kuzunguka mtaa. Nyumbani kwetu Rumonge, ukitaka mtu asiyesema sana, ni mimi Saada.

Leo nimestaafu. Najua mtacheka. Nina miaka kumi na saba, na neno hilo ni la wazee wanaokwenda benki kupokea pensheni. Lakini nimefanya kazi moja vakansi tatu mfululizo, kila shule ilipofungwa, na sasa naingia internat, shule ya bweni, huko juu Bururi, ambako asubuhi unaamka kwenye baridi na ziwa hulioni. Kamba inahitaji mikono mingine. Mikono hiyo ni yenu, Rehema mdogo wangu na Aline rafiki yake. Mliniomba niwaeleze kazi. Nikieleza kwa mdomo nusu nitasahau na nusu nitaona haya, kwa hiyo naandika. Kama watoto wengine watapenda kusoma, wasome tu, si siri.

Kaka Rama ni mtoto wa baba yetu mkubwa, hilo mnalijua. Anachukua wageni kwa siku mbili. Siku ya kwanza wanapanda milima kwa miguu, katikati ya michikichi, mpaka kwenye chemchemi ya maji ya moto, wanaloweka miguu, wanarudi. Siku ya pili wanazama ziwani, kwenye mawe ya upande wa Minago, kutazama samaki. Wengi ni watu wa Bujumbura. Mara moja walikuja bwana na bibi harusi waliogombana tangu chini ya mlima mpaka juu, kisha wakapatana majini, kwa sababu kule chini hakuna anayeweza kujibu.

Mlimani mimi natembea wa mwisho. Ziwani nabaki kwenye boti nimeshika kamba. Sehemu zote mbili mtu hahitaji kusema. Ndiyo maana nilidumu.

Nianze na mlima. Mwanzoni nilidhani anayetembea nyuma kazi yake ni kuokota chupa zilizoanguka. Kaka Rama akanionyesha nitazame visigino. Mdomo wa mgeni utasema yuko sawa hata kama roho inamtoka, lakini kisigino kinaanza kuburuta, halafu kinageukia nje. Ukiona hivyo usimwambie mtu amechoka. Atakasirika, atakaza mwendo, na mtambeba. Wewe sema kiatu chako kimefunguka. Ukiinama kukifunga wote watasimama kukungoja, na yule mwenye kisigino atapumua bila aibu. Vakansi hizi tatu nimefunga viatu kuliko fundi wa sokoni, na siku nyingine nilikuwa nimevaa kandambili.

Kitu kingine: mlima kwanza, maji baadaye. Watakuja wageni watakaowaambia leo ziwa limetulia, tuzame asubuhi, halafu mchana tupande. Mkatae. Mkishindwa kukataa, mwiteni kaka Rama akatae. Mtu akitoka chini ya maji, hewa aliyoivuta kule inakuwa bado imo mwilini, inatoka polepole. Akikimbilia juu ya milima siku hiyo hiyo, hewa ile inaweza kumkamata viungo, hata kumuua.

Kaka Rama hilo alilijua kwa samaki kabla ya kuambiwa na mtu. Zamani alikuwa anazamia samaki wa mapambo, wale wadogo wa rangi wanaofugwa ndani ya vioo huko Ulaya. Aliwanasa kwa wavu, akawatia ndani ya pipa lenye matundu, na pipa hakulipandisha mara moja. Alilifunga katikati ya maji, samaki wakalala hapo, kesho wakapanda kidogo, keshokutwa kidogo tena. Vakansi yangu ya kwanza alikuwa bado anafanya kazi zote mbili. Siku moja akaniambia nivute pipa kidogo. Sikujua kidogo ni kiasi gani, na niliona aibu kuuliza. Nikavuta mpaka juu. Samaki wakaelea matumbo juu, yamevimba kama mapulizo ya sikukuu.

Hakunitukana. Alilitazama lile pipa, akasema, "Saada, siku nyingine uliza."

Mnadhani nilijifunza kuuliza? Nilijifunza kupiga mafundo. Usiku ule nilikaa na kamba nikaifunga fundo kila urefu wa mikono miwili, ili nijue kidogo ni kiasi gani bila kumuuliza mtu. Mafundo hayo bado yapo, na ni mazuri, yatumieni. Lakini ninyi mna midomo, ulizeni pia.

Mwaka uliofuata kaka Rama akaacha kuuza samaki. Alisema samaki aliyeuzwa amekwenda, lakini huyu anayetazamwa kesho atakuwa yupo palepale, na mgeni mwingine atakuja kumtazama. Pipa tunawekea sasa taulo.

Sasa kamba. Kamba anafungwa mgeni kiunoni, kaka Rama anazama kando yake akiwa huru. Mvuto mmoja maana yake niko sawa. Miwili, nilegezee. Mitatu, napanda. Ikivutwa ovyo bila hesabu, iko shida. Wewe ukitaka kuuliza, unavuta mara moja, na unangoja ujibiwe mara moja. Msiizungushe kwenye kifundo cha mkono hata siku moja. Ipitisheni juu ya kidole cha shahada, mkono uwe umeloa, maana mkono mkavu hausikii vizuri. Na msile ndagala, visamaki vile vya kukaanga, kwa mkono huo. Mkono wenye mafuta ni kiziwi. Boti isifungwe karibu na mdomo wa mto, kwa sababu ya viboko, na wageni wakishuka msiimbe wala msipige soga na wavuvi wanaopita. Aline, hapo nakuongelea wewe.

Kwa kamba ile niliyajua mawe ya Minago yote. Nilijua mahali inapotetemeka kama inasuguliwa kwenye mgongo wa mamba, hapo kuna jiwe kubwa. Nilijua mahali inapolala kimya, hapo kuna mchanga na wageni wanapiga magoti. Wakipanda, walikuwa wanaongea wote kwa pamoja, meno yanagongana kwa baridi, na mimi nawapa taulo na chai ya chupa. Miwani ya maji ya akiba ilining'inia kwenye msumari karibu na goti langu. Vakansi tatu, sikuivaa. Hata uso sikuutia majini kutoka kwenye boti ile.

Msidhani niliogopa maji. Naogelea tangu nikiwa mdogo kuliko ninyi. Niliogopa kwamba nikiona, nitataka. Na nikitaka, itabidi niseme. Kaka Rama alikuwa na chupa mbili tu za hewa, yake na ya mgeni. Hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia kamba. Mimi nianze kusema nataka kushuka, nani angekaa juu? Basi nikawa najiambia mwaka ujao. Halafu nikapata nafasi ya internat, na mwaka ujao ukawa haupo.

Safari ya mwisho ya vakansi hii mgeni alikuwa mmoja, Madamu Konsolata, mwalimu wa shule ya msingi huko Bujumbura. Mama mnene, mwenye sauti ya kuamsha darasa la nyuma. Alizaliwa kambini Tanzania, kwa wakimbizi, akarudi Burundi akiwa mtu mzima, na Kiswahili chake ni cha Kigoma kabisa. Alituambia wazazi wake walivuka ziwa usiku, na huko kambini walikuwa wakilitaja kama mtu mwenye roho mbaya. Yeye kila mwaka alipita kando yake kwa basi, akilitazama dirishani. Alitaka kuliona kwa ndani, ajue kama ni baya kweli.

Mlimani aliongea nami tangu chini. Hakuwa amejua kwamba sijibu. Kisigino cha kulia kikaanza kugeuka kabla hata hatujamaliza michikichi, nikafunga kiatu. Mbele kidogo nikafunga tena. Mara ya tatu akageuka akanitazama miguuni.

"Mwanangu, kiatu ndicho kigonjwa, au mgonjwa ni mimi?"

Nikacheka, sikuweza kujizuia. Akaketi juu ya jiwe, akavua viatu vyake vyote viwili, akasema basi tuvifunge sote. Kaka Rama huko mbele akatungoja akila muwa.

Kwenye maji ya moto tuliloweka miguu, na akaniuliza kule ziwani chini kukoje. Nikamwambia sijui. Akadhani sijasikia swali, akarudia. Nikamwambia sijawahi kushuka, mimi nashika kamba. Alinitazama tu kama walimu wanavyomtazama mtoto aliyeacha ukurasa mtupu kwenye mtihani.

Siku ya pili ziwa lilikuwa limelala. Kaka Rama akatia nanga kwenye mawe, akamfunga Madamu kamba, akamweleza mivuto yote, naye akaitikia haraka haraka kama mtu anayesikiliza matangazo ya basi. Wakashuka. Mvuto mmoja, nikajibu. Fundo la kwanza likapita kidoleni, la pili, la tatu. Jiwe kubwa, kamba ikatetemeka. Halafu ikatulia.

Halafu ikaanza kuruka mkononi mwangu. Si moja, si mbili, si tatu. Ovyo.

Nikavuta mara moja kuuliza. Ikatulia kidogo, ikaruka tena, zaidi. Nikatafuta mapovu: yalikuwa yanatoka mahali pamoja tu, na sikuweza kujua ni ya watu wawili au ya mmoja. Juu ya boti nilikuwa peke yangu. Mkono wangu ulitaka kuvuta, kuvuta kwa nguvu zote mpaka Madamu atokee juu, na palepale nikaona pipa na samaki wenye matumbo yaliyovimba. Nikivuta haraka na kule chini hakuna shida, nitamuumiza mimi. Nisipovuta na shida ipo, nitakuwa nimemwacha afe kwa sababu ya kufikiri.

Kaka Rama aliniambia siku ya kwanza kabisa kwamba mkono ukichanganyikiwa, macho yasaidie. Nikatwaa ile miwani ya msumarini. Kamba kidoleni, kifua juu ya ubao, nikatia uso majini.

Sijui niwaelezeje. Nilidhani kutakuwa na giza. Kulikuwa kweupe mpaka chini. Lile jiwe nililolijua kwa kutetemeka lilikuwa kubwa kuliko nyumba yetu, na samaki wa manjano walikuwa wanapita juu yake kama watoto wanaotoka shule, na wengine wa mistari, na wengine wa buluu wakifukuzana. Mbele ya jiwe kaka Rama alikuwa amekaa kwenye mchanga, mikono kiunoni, amechoka. Na kando yake Madamu Konsolata alikuwa anatupa mikono huku na huku, anamwonyesha kitu kwenye ufa wa jiwe, tena na tena, na kila akitupa mkono wa kulia anaikokota kamba aliyosahau kwamba amefungwa.

Nilibaki nimetazama. Nadhani nilitazama muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Walipopanda, polepole, wakisimama njiani kama inavyotakiwa, Madamu alishika ukingo wa boti na kitu cha kwanza alichosema kilikuwa juu ya samaki mmoja. Samaki yule alikuwa amesimama mbele ya ufa, na watoto wake, wadogo kama punje za mtama, wanacheza nje. Kivuli cha Madamu kilipowapitia, mama yao akafungua mdomo, wote wakaingia, akaufunga. Akakaa kimya kama hana kitu. Baadaye akaufungua, wakatoka.

"Na wewe," akaniambia, "ni wewe uliyekuwa unanivuta kiunoni? Nilidhani ni samaki sangala ananionja."

Kaka Rama akasema Madamu ameniua kwa hofu, atazame uso wangu. Kisha akaona alama ya miwani usoni pangu. Akageuka kutoa nanga, maana upepo wa kusini ulikuwa umeanza kukwaruza maji.

Basi hapo nikasema. "Kaka Rama, na mimi nataka kushuka."

Na yeye wakati huo huo akavuta uzi wa moteri ya boti. Moteri ikawaka. Hakusikia.

Ninyi mnaosema kila saa hamtaelewa. Kwa mtu kama mimi, kulisema neno kama hilo mara moja ni kama kupanda ule mlima. Kuambiwa halikufika, urudi chini upande tena, ni kitu kingine. Nilikaa njia nzima nikitazama taulo. Nilijiambia nimejaribu, Mungu ameona, inatosha.

Tulipofika, kaka Rama akaibeba moteri begani akaelekea juu. Madamu akabaki anakamua nguo, karibu nami.

"Kule ulisema kitu," akasema polepole. Ile sauti yake kubwa aliiacha mahali. "Nilisikia. Lakini mimi sikusemei, mwanangu. Kesho mchana napanda basi."

Kaka Rama alikuwa ameshafika kwenye nyavu zilizoanikwa. Nikamwita. Akageuka, wavuvi wote wakageuka. Nikasema tena, na safari hii ilitoka kubwa kupita kiasi, mpaka bibi anayeuza ndagala akasikia.

"Nataka kushuka kule chini. Mimi. Kabla sijaenda."

Akaitua moteri kwenye mchanga. "Kamba atashika nani?"

"Mimi," akasema Madamu Konsolata.

Kaka Rama akacheka mpaka akashika kiuno. Akamwambia Madamu, wewe na kamba? Wewe uliyetaka kumtoa roho mtoto wa watu? Madamu akamjibu kwamba yeye amefundisha watoto mia kusoma, na hakuna hata mmoja aliyezaliwa anajua. Afundishwe.

Nikamfundisha mimi. Jioni ile kaka Rama alinivalisha chupa kwenye maji ya kifuani, nikajifunza kuvuta hewa kwa mdomo na kutoa maji kwenye miwani, tena na tena, mpaka akasema haya. Kisha Madamu akaja nyumbani. Tulipitisha kamba dirishani, yeye akakaa ukumbini, mimi chumbani, mlango umefungwa, asinione. Mara moja. Akajibu. Mara mbili, akalegeza. Akikosea nilitoka nikamwambia amekosea, na nilimwambia kwa sauti, mimi, yeye mwalimu na mtu mzima. Rehema, wewe ulikuwepo, ulikuwa unamnong'oneza majibu. Nilikuona.

Mama alikuwa na neno moja tu, nitavaa nini. Kaka Rama akamletea ile nguo nyeusi ya kuzamia. Mama akaigeuza mbele na nyuma, akaipima mikono na miguu, akasema inafunika kuliko magauni yangu ya Idi, niende nayo hata Bururi.

Asubuhi yake ziwa lilikuwa limetulia tena. Madamu Konsolata alikaa mahali pangu, mkono umeloa, kamba juu ya kidole, midomo imebana. Hakula kitu chenye mafuta, alinihakikishia bila kuulizwa. Kaka Rama alishuka kwanza. Nikamfuata, mkono wake umeshika wangu. Masikio yakauma kidogo, nikabana pua kama nilivyofundishwa, yakafunguka. Mafundo yangu mwenyewe yalikuwa yanapita mbele ya miwani yangu, moja, la pili, la tatu. Nikafika kwenye jiwe. Nikaliwekea kiganja. Lina utelezi kidogo, na kweli ni la kukwaruza, kama nilivyojua.

Yule samaki alikuwa kwenye ufa wake, mdomo umejaa. Nikapiga magoti mchangani, nikakaa bila kutikisika. Hilo naliweza kuliko mtu yeyote. Akakaa, akakaa, akanizoea. Kisha akaufungua.

Nikavuta kamba mara moja. Juu kukawa kimya, nikajua Madamu anahesabu. Halafu likaja jibu lake, moja, safi, kama tulivyofundishana.